Zamu ya Rudasingwa

Wazee wa milimani walikuwa na akili kuliko wajukuu wao. Ni wao waliopanga kwamba siku binti anapoombwa, baba yake asiseme neno. Anakaa mbele, kofia kichwani, fimbo mapajani, na maneno yote yanasemwa na msemaji aliyechaguliwa kwa utamu wa ulimi wake. Watu husema ni heshima. Heshima gani. Wazee walijua tu kwamba baba akipewa nafasi ya kusema siku kama ile, hatasema ya binti. Atasema ya kwake.

Kwa hiyo Kampire alisukuma sahani pembeni mumewe alipotangaza mezani, nyumbani kwao Beechmont, mtaa wa Louisville, Amerika, kwamba hatatafuta msemaji wa kumsemea binti yao Isaro.

"Nitasema mimi mwenyewe," Rudasingwa alisema.

"Mwenyewe namna gani? Weye ni baba ya mutoto."

"Bon, baba hana mdomo?" aliuliza, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Iko nao. Njo shida."

Rudasingwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha amua, akachukua koti lake akaenda kazini kupakia mizigo. Alikuwa mtu wa makoti mawili: la njano la ghala, na la buluu la kanisani. Ndani ya lile la buluu alijiona mkubwa kuliko mlango wa kanisa.

Na chanzo cha yote kilikuwa mchezo. Si ulevi, si kamari, si mwanamke wa nje. Gemu ya kompyuta, tena ile ya zamani kabisa, ya mpira mweupe na vijiti viwili kwenye kioo cha televisheni. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa tayari kutia mchanga kitumbua cha mwanawe kwa ajili ya gemu. Ukisimuliwa, utadhani unadanganywa.

Watoto wa Rudasingwa walikua wakiisikia hadithi hiyo mpaka wakaichoka. Kila walipokaa sebuleni na gemu zao, baba yao alisimama nyuma ya kochi na kuwaharibia raha.

"Hizi zenu ni za wavivu," angesema. "Sisi kule Bijombo tulikuwa na ile ya kwanza. Mlimani, umeme hakuna, barabara hakuna, lakini gemu iko. Na mimi njo nilikuwa bingwa. Nilipiga batoto ya matajiri mpaka wanalia."

Watoto walimjibu kwa Kiingereza kwamba wamesikia, bila kugeuza shingo.

Isaro, mtoto wa kwanza, ndiye peke yake aliyeiamini. Binti na baba yake, utamwambia nini? Alipochumbiwa na Nshuti, kijana wa Buffalo, fundi wa umeme mwenye sauti ya chini, alimpelekea hadithi hiyo kwa fahari. Nshuti naye akamrudishia habari iliyomfurahisha hata akaileta mezani Jumapili, wali ukiwa bado unafuka moshi.

"Papa, huwezi amini. Ile gemu ya Bijombo ilikuwa ya kwao na baba ya Nshuti. Muzee Rugaba. Anasema kwa milima yote gemu ilikuwa moja tu. Donc mulicheza pamoja."

Rudasingwa aliweka kijiko chini. "Rugaba," alisema. "Mtoto ya yule wa ng'ombe."

"Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Alikula akamaliza, akaondoka mezani bila kuisimulia ile hadithi ya bingwa, na Rudasingwa asipojisifu ujue kuna jambo.

*

Kampire alimbana alasiri ileile, siku chache kabla ya lile tangazo la mezani, watoto walipotoka. Alimkuta bafuni, amevua shati, anajitazama bega kwenye kioo. Begani palikuwa na kovu jeusi, pana kama kiganja, ambalo tangu waoane aliambiwa ni la moto wa jikoni.

"Ile gemu ulicheza ao hukucheza?"

"Nilibeba betri," Rudasingwa alisema.

Akaeleza huku akikiangalia kioo, si mkewe. Baba wa Rugaba, mfanyabiashara wa ng'ombe, alileta kutoka Bujumbura televisheni ndogo na kisanduku cha gemu. Televisheni yenyewe haikushika picha yoyote kule juu. Kazi yake ilikuwa gemu tu, na ilikula betri ya gari. Betri ikiisha, lazima iteremshwe mlima mzima mpaka Uvira kwenye umeme, ijazwe, ipandishwe tena. Watoto wa tajiri hawabebi betri. Rugaba, kijana mkubwa aliyeshika ufunguo wa chumba, akatoa ahadi kwa watoto wa majirani: atakayebeba atapata zamu.

"Ukafika nayo, halafu?"

"Wanacheza wao kwanza. Yeye, na ndugu zake, na wageni yao. Mimi nakaa kwa mlango. Wananiambia ngojea, zamu yako inafika. Halafu picha inaanza kuwa kidogo, kidogo, mpaka giza. Betri imekwisha." Akavaa shati, akafunga vifungo. "Donc nabeba tena. Mwaka ule nilirudia darasa."

"Na hii kovu?"

"Maji ya betri. Niliteleza kwa mteremko."

Mwanamke mwingine angelia. Kampire alimwonea huruma kwa muda wa kukunja taulo, kisha hasira ikamjia. Kumbe huyu bingwa hajawahi hata kukigusa kile kitu. Miaka yote hiyo amejipiga kifua mbele ya watoto kwa mchezo wa watu. Kubeba mzigo wa mwingine si aibu. Yeye Kampire kila siku kazini aliwabeba wazee wa Kizungu kutoka kitandani mpaka msalani, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba vitanda ni vyake.

"Sikiliza, Papa Isaro," alisema. "Rugaba leo anasukuma ufagio kwa kiwanda kule Buffalo. Weye unapakia masanduku hapa Louisville. Amerika imewalinganisha. Unataka nini tena?"

"Sitaki kitu."

"Basi achia."

"Nimeachia," alisema, na mkono wake ulikuwa bado begani.

*

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Watu walitoka Columbus, wakatoka Buffalo, na magari yao yakafunga barabara pande zote mbili. Kampire alisimama kwenye mlango wa jikoni na rafiki yake Leya, kati ya masinia ya sambusa na kreti za Fanta, maana hawa ni walokole na bia haipiti. Isaro alikuwa nyuma ya pazia kando yao, amevalishwa, ameketishwa, amekatazwa kuchungulia, na anachungulia.

Msemaji wa upande wa mvulana alikuwa Masumbuko wa Reynoldsburg, karibu na Columbus, mtu mnene mwenye duka la vyakula, anayeitwa harusi zote za miji ile kwa sababu ya maneno yake. Kando yake aliketi Rugaba mwenyewe, karibu miaka sitini, katika suti nyeupe. Suti nyeupe, mwezi wa Machi, barafu bado iko njiani. Rugaba huyu aliishi Riverside, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba ya kupanga iliyovuja, na hilo Isaro aliliona kwa macho yake, lakini kabla hata ya sala ya kufungua alikuwa amekwisha kuwaeleza watu wa meza nzima jinsi baba yake alivyokuwa wa kwanza kuleta kompyuta milimani. Kompyuta, eti. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mchezo wa siku ile kila mtu anaujua. Upande wa binti unakataa, unazusha kesi za uongo: ng'ombe wenu alikula mahindi yetu, babu yenu alitupita njiani bila salamu. Upande wa mvulana unapiga magoti, unaomba radhi, unatoa kreti, watu wanacheka mbavu ziwaume. Uongo ukiwa mkubwa, na sifa ya msemaji inakuwa kubwa. Siku hiyo yalisemwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya majirani wasiojua Kinyamulenge, lugha yao ya milimani.

Rudasingwa alisimama na fimbo yake. Watu walinong'onezana kuona baba mzazi anasimama, kisha wakasema haya ni mambo ya Amerika.

"Tuko na kesi," alisema.

"Tulijua," Masumbuko alijibu. "Mutoto muzuri hakosi kesi."

"Huyu Rugaba alinibebesha betri."

Watu walitega masikio. Hii ilikuwa mpya.

"Betri ya gari. Kutoka Bijombo mpaka Uvira, na kurudi. Aliniahidi zamu kwa gemu yake. Nikabeba, nikabeba. Zamu sikupata hata moja."

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa Columbus alijifuta machozi kwa ncha ya tai. Kesi za ng'ombe tumezisikia, alisema, ya betri ndiyo leo. Masumbuko, aliyejua kitu kizuri akikiona, alipiga goti pale pale.

"Muzee wetu, tunakiri. Tulikosa. Tumeleta kreti ya Fanta, tufute hiyo betri."

"Sitaki Fanta."

"Kreti mbili."

"Nimesema sitaki Fanta. Nataka Rugaba asimame aseme kama ananikumbuka."

Leya alikuwa ameshika mbavu. "Dada, kumbe mume wako ni msemaji namna hii. Mbona alikuwa anajificha?"

"Hasemi uongo," Kampire alimwambia.

"Wote wanasema vile," Leya alijibu, akicheka zaidi.

Rugaba alisimama, akanyoosha koti lake jeupe, akifurahia kutazamwa. "Nikukumbuke?" alisema. "Ndugu yangu, batoto ya betri walikuwa wengi. Nitakumbuka mmoja namna gani?"

Aliona ametoa jibu la mila, jibu tamu. Kumbe alikuwa amesema kweli tupu, na watu wakaicheka kuliko yote yaliyotangulia. Rudasingwa alibadilika uso. Kampire aliuona kutoka jikoni.

"Bon," Rudasingwa alisema. "Basi hapa hakuna mtoto. Rudini Buffalo."

Na hata hilo, ole wake, lilikuwa neno la mila. Kila msemaji hulisema. Watu walipiga makofi. Akarudia kwamba hakuna mtoto, kwamba amekataa, na wengine wakasimama kabisa ili wapige makofi vizuri. Mtu anawafukuza wakwe na wakwe wanamshangilia. Kila alivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kumsifu kwa uongo, na yeye akabaki amesimama katikati ya zulia, amekaza taya, hana pa kutokea.

Pazia lilifunguka kidogo. "Mama," Isaro alinong'ona, "papa anacheza ao anasema kweli?"

"Kweli."

"Donc hakuna harusi?"

Kampire alimjua mumewe. Akikaa chini sasa mikono mitupu, hatainuka tena kusema ndiyo. Watu wataendelea kucheka, kisha watachoka, kisha watajua, na Nshuti atarudi na baba yake Buffalo na jina la Isaro litazunguka makanisa ya miji yote mitatu. Yote hayo kwa ajili ya mpira mweupe usio hata na upepo ndani.

"Nshuti alimletea papa zawadi," Isaro alisema. "Ile gemu yenyewe, ya zamani. Alitaka wacheze, kwa sababu nilimwambia papa ni bingwa. Iko pale kwa zawadi."

Mwanamke hakatizi zulia wazee wakisemezana. Kampire alilikatiza, na aproni yake, na mikono inanuka vitunguu. Alipekua zawadi, akachana karatasi yenye maua, akampa Nshuti kile kisanduku.

"Funga hii kwa ule ukuta," alisema.

Ukutani mashine ilikuwa ikionyesha picha za wachumba. Nshuti hakuuliza. Alivuta nyaya, akachomeka, na nyuso za Isaro na yeye zikaondoka, vikaja vijiti viwili vyeupe na mpira, vikubwa mpaka dari. Kisanduku kilikuwa na kishikio kimoja tu cha kuchezea. Kijiti cha pili kilijiendesha chenyewe. Ukumbi ulishangilia. Watu walidhani nayo ilipangwa.

"Mpeni zamu yake tumalize," Kampire alisema.

Rudasingwa alipiga hatua. Lakini Rugaba alikuwa karibu zaidi, na mkono wake ulikuwa umekwisha fika.

"Ngojea nimwonyeshe kwanza," alisema. "Hii inataka mkono mwepesi."

Akacheza. Mwanzoni watu walimshangilia, mzee wa suti nyeupe anayumba kushoto na kulia kuufuata mpira. Akashindwa, akaanza upya. Moja tu, alisema. Akashindwa tena, akaanza upya. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo. Rudasingwa alikuwa amekuja kusimama ubavuni pake, koti la buluu limefungwa vifungo vyote, fimbo chini ya kwapa, kiganja kiko wazi kidogo.

Nshuti alimgusa baba yake kiwiko. "Papa, patia muzee."

"Ngojea."

"Papa."

"Zamu yake inafika," Rugaba alisema, macho ukutani.

Sauti yake ilisikika mpaka jikoni. Kicheko kilianza kukatika, meza moja kisha nyingine. Yule mzee wa tai aliishusha tai yake. Masumbuko, ambaye hakosi neno, alitazama zulia. Mwenye mvi alisimama akiangalia mpira unakwenda unarudi, na aliyeshika hakugeuka hata kumtazama, na mle ukumbini hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa tena kesi ya betri.

Kampire alimtazama mumewe akingoja, akamdharau. Angeweza kunyang'anya. Angeweza kuondoka. Miaka arobaini imepita, amevuka bahari, na bado anakaa kwenye mlango wa watu. Akamdharau Rugaba zaidi, ambaye Mungu alimnyang'anya ng'ombe, na mlima, na televisheni, asimwachie kitu ila ile tabia. Akajidharau na yeye mwenyewe, kwa kuamka alfajiri kuwakaangia sambusa. Kisha akaenda ukutani akachomoa waya.

Ukuta ukabaki mtupu.

"Betri imekwisha," alisema.

Rugaba aligeuka na kishikio chake, amekasirika kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Akauona ukumbi. Akamwona na mtu aliyesimama karibu yake, karibu sana, kama mtu anavyosimama akizoea kutopewa nafasi. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kola.

"Ulikuwa unakaa kwa mlango," alisema polepole. "Shati ya kijani. Yenye matundu."

"Njo mimi," Rudasingwa alisema.

Rugaba alikishusha kile kishikio. Hakuomba radhi, watu wa namna yake huombewa na msemaji. Masumbuko alipiga goti kwa mara ya pili, safari hii bila utani na bila Fanta, na akakaa pale chini. Kishikio kilikuwa kimewekwa juu ya meza, mbele ya Rudasingwa, hakuna tena wa kumzuia. Hakukigusa. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akaweka fimbo mapajani.

"Leteni mtoto," alisema.

*

Binti anapotoka, hutoka na chombo cha mti kilichojaa maziwa. Hupiga magoti mbele ya baba mkwe, na baba mkwe ndiye anayekunywa wa kwanza. Maziwa yalikuwa ya galoni, ya dukani, lakini chombo kilitoka mlimani, na kilipita kambi mbili za wakimbizi ndani ya mfuko wa nguo za Kampire.

Isaro alikuja akitembea taratibu, kichwa kimeinama. Watu kama Rugaba hupona haraka: alikuwa amekwisha kujipangusa suti, amekaa wima, na amenyoosha mikono yote miwili kupokea.

Isaro alimpita. Alikwenda mpaka kwa baba yake, akapiga magoti, akainua chombo. Mila hiyo haipo. Baba wa binti siku hiyo hanywi.

Kisha akageuza kichwa upande wa Rugaba, macho chini, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa akaleleka.

"Ngojea, papa," alisema. "Zamu yako inafika."

Hakucheka mtu. Nshuti alimtazama mchumba wake kama mtu anayesoma masharti ya kazi, na akayakubali, maana hakuinuka. Mikono ya Rugaba ilibaki imenyooshwa, mitupu, kwa sababu hakujua kama hii ni mila au ni kesi, na hakuwa na wa kumuuliza.

Rudasingwa alikunywa. Kampire alimwangalia kutoka mlango wa jikoni, koo lake likipanda na kushuka, na chombo kikizidi kuinuka. Akimaliza bila kumbakizia mwenzake, alisema moyoni, nitajua nimeolewa na Rugaba mwingine. Chombo kilifika juu, kikasimama hapo. Kisha kikashuka. Rudasingwa alijipangusa midomo, akachungulia ndani, akamrudishia binti yake, na kwa jinsi Isaro alivyokipokea kwa uangalifu, asimwage, ilionekana kimebaki nusu.

Kampire alikuwa tayari kumdharau kwa mara ya pili siku hiyo, na nafasi hakuipata. Akarudi jikoni kupakua.